Ubeti wa Kwanza Uko Kwako

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa, na wifi na watoto wote hawajambo. Mwambie wifi kile kitambaa chake nimeshakikata na gauni litakuja, asininunie. Ningependa kusema kwamba sisi huku pia hatujambo, kama barua inavyotaka, lakini ungejua nakudanganya. Mtu asiye na jambo hatumi barua kwa lori.

Ndiyo, nimeituma kwa lori. Huyo aliyekukabidhi ni mwanafunzi wa baba wa zamani, dereva, mtu mpole ingawa lori lake lina kelele. Tafadhali usimwache juani. Mpe kiti na maji ya kunywa, maana nimemwomba asiondoke hapo karakana kwenu mpaka umalize kusoma, na sababu utaiona. Simu nimejaribu, nawe ni shahidi. Tukizungumzia watoto nakusikia kama uko chumba cha pili, lakini nikifika tu kwenye neno "baba" mtandao wako unaharibika ghafla. Barua haina mtandao. Ukiikunja ukaitia mfukoni, itakusubiri humo humo.

Basi nianze. Siku chache baada ya mimi na wewe kuzungumza mara ya mwisho, alikuja nyumbani Afisa Utamaduni wa mkoa. Ni kijana mwenye viatu vinavyolia kila akipiga hatua, na maneno mengi kuliko kikao kinavyohitaji. Alikaa kwenye kiti chako cha zamani, akasema shule imejengewa ukumbi mpya, na ukumbi huo utaitwa kwa jina la baba. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu pale sebuleni, nikaacha kushona kwa furaha. Kisha akasema kwamba siku ya kuufungua wanataka Shairi Kuu lisomwe lote, tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, halafu lichapwe kitabu, mkoa uwe na kitu cha kujivunia. Akamwomba baba alitamke taratibu, karani aandike.

Shairi Kuu unalijua kuliko mimi. Acha nilieleze tu kama linavyoonekana kwa mtu aliyelitazama kutoka dirishani. Kila mwaka, siku ya mwisho ya darasa la mwisho, baba alimwita mbele mtoto mmoja mmoja, akainama, akamnong'oneza ubeti sikioni. Mtoto aliurudia mpaka ukakaa. Kisha baba alimwambia kwamba hicho ni kipande chake cha shairi refu ambalo yeye analitunga maisha yake yote. Asikiandike, akitunze kichwani, kwa sababu akipotea yeye shairi litakatika. Na kwa kuwa baba mwenyewe haandiki, hutunga akitembea huku vidole vinagonga paja kuhesabu, ndiyo maana hata wauza mkaa wanamwita Mwalimu Mizani, hakuna aliyeshuku neno. Mkoa mzima unalijua Shairi Kuu, na hakuna hata mtu mmoja aliyelisikia.

Mimi sikupewa ubeti. Nilipofika darasa la mwisho, baba alikuwa amehamishiwa shule ya ng'ambo ya mto, nasi tukamalizishwa na mwalimu mwingine aliyetugawia penseli. Penseli yangu iliisha kabla matokeo hayajatoka. Nililia wiki nzima, nawe ukaniambia niache ujinga, kwamba wako umeshautupa mtoni. Hayo nitayarudia.

Baba alimsikiliza Afisa mpaka mwisho, akaangalia dari, akasema kwa sauti ndogo kwamba amesahau. Afisa akacheka akidhani ni utani wa wazee. Baba hakucheka. Akasema tena kwamba amelisahau lote.

Tangu siku ile, kaka, nyumba hii haikuwa na amani. Kesho yake alimwita jirani kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Akatia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kukunja uso. Akaniuliza leo ni siku gani, nikamjibu, akaniuliza tena kabla sijafunga mdomo. Afisa akija, hali inazidi; siku moja alimwuliza yule kijana wa watu kama amekuja kupima mita ya maji. Afisa akiondoka, baba huingia chumbani akakaa kitandani, mikono katikati ya magoti. Namchungulia, naye anageukia ukutani.

Niliogopa. Nakuambia wazi, niliogopa kuliko siku mama alipopelekwa hospitali, kwa sababu mama alikuwa anaondoka akiwa mama. Nilimwona baba anaondoka akiwa bado amekaa kwenye kiti chake. Nikawa nasikiliza kila anachokisema kama mtu anayesikiliza bomba linalovuja. Nikimshonea mteja, mguu unakanyaga cherehani, sikio liko chumbani. Niliharibu sketi ya mke wa mchungaji, nikashona zipu upande wa ndani, na alivyo mtu wa kusamehe, hakunisamehe.

Nilimpeleka kwa daktari. Akampima damu, akamwangalia macho, akamwambia ataje miezi. Baba alitaja miezi vizuri mpaka nilipomwambia daktari kwamba kuna shairi ameombwa na Afisa. Papo hapo akaruka kutoka Aprili hadi Oktoba. Daktari alinitazama, akasema mwili uko sawa, tumwangalie tu. Tena kuna jambo jingine ambalo lingenifungua macho kama ningekuwa na akili ya kuazima. Siku hiyo hiyo tunarudi, mtangazaji wa redio alikuwa anasoma shairi la mtu, na baba, huyu huyu asiyejua leo ni lini, alinyanyua kidole akasema mstari wa tatu umepungukiwa na mizani moja. Nikajisemea kwamba ugonjwa huu una mambo, unachukua chai na kuacha mizani.

Hapo ndipo nikafanya nililolifanya. Niliwaza hivi: kama kichwa cha baba kinamwagika, maji yapo bado kwenye vikombe vya watu. Kila mwanafunzi ana ubeti wake. Nikizunguka nikawasikiliza wote, nitalikusanya shairi kabla halijapotea, na baba akishindwa kusimama siku ile, watasimama wao. Sikumwuliza. Nilifunga cherehani, nikavaa viatu, nikatoka.

Nilianza na fundi baiskeli wa pale kona, yule mliyesoma naye darasa moja, aliyefungua kengele ya shule akashindwa kuifunga. Aliweka chini spana, akajifuta mikono kwenye ovaroli, akasimama wima katikati ya matairi kama yuko mbele ya darasa, akasema:

Mkono unofungua,
kufunga ukikujua,
riziki utachukua,
wala hutahangaika.

Nikaenda kwa muuguzi wa zahanati, ambaye utotoni alikuwa akilia hata chaki ikivunjika. Naye, kama wenzake, ameniruhusu nikuandikie wake:

Chozi lako si aibu,
ndilo la mtu tabibu,
kwa mgonjwa ni jawabu,
lifute, kisha inuka.

Huyu alinishika mkono, akanivuta nyuma ya pazia la vitanda, akaniambia jambo. Mwaka aliompoteza mwanawe, alikuwa amechoka na dunia na alishaamua. Kilichomzuia hakikuwa mume wala dini. Alikumbuka kwamba ana kipande cha watu kichwani, na akiondoka nacho shairi la Mwalimu litabaki na tundu. Akaniuliza, kwa aibu kidogo, ubeti wake ni wa ngapi. Nikamwambia sijui, ila nitajua hivi karibuni.

Na huyo dereva aliyekaa hapo nje, mchelewaji mkubwa wa zama zake, alipewa huu:

Mchelewa si mkosa,
kama njia hajasusa,
haraka huja kutesa,
polepole utafika.

Mstari wa mwisho ameuchora nyuma ya lori kwa rangi nyekundu. Alipouchora alikwenda kwanza kumwomba baba ruhusa, maana beti haziandikwi, na baba akamruhusu mstari mmoja tu.

Nilizunguka sana. Nimewasikiliza mwenye duka la dawa, askari magereza, fundi bomba aliyenisemea wake akiwa ameingia nusu chini ya sinki. Hakuna aliyekosea hata silabi. Ila niliona mambo mawili yakanisumbua. La kwanza, watu wazima kuliko wewe, wale waliofundishwa na baba kabla ya darasa lenu, hawakuwa na kitu. Nilidhani wamesahau kwa uzee. La pili ndilo lililoninyima raha. Beti zote zinaishia kwa kina kimoja, kwa hiyo ni ndugu, hilo mtu haulizi. Lakini nilipojaribu kuzipanga hazikukaa. Unajua kazi yangu. Ukinipa vipande vya nguo iliyofumuliwa, hata kama sikuiona ikiwa nzima, nitakuambia huu mkono, hii kola, hapa palikuwa na mfuko. Hizi nilizigeuza mbele nyuma, nikaanza na huyu nikamalizia na yule, na kila kipande kilikuwa ni kola. Nikaamua kwamba inayokosekana ni ile ya kuunganisha, na kwamba imo kwa wale ambao sijawafikia. Nikaongeza kuzunguka.

Mjini hakufichiki kitu, hasa ukiwa na mdomo kama wangu. Afisa akasikia. Akaja mbio na viatu vyake vinalia, akaniita shujaa wa utamaduni, na kabla sijamaliza kumkaribisha alishatangaza redioni: Jumamosi hii inayokuja, wanafunzi wote wa Mwalimu Mizani, popote walipo, waje ukumbini, kila mmoja na ubeti wake, Shairi Kuu litasikika kwa mara ya kwanza. Aliniuliza kama sawa. Kaka, nilisema sawa. Nilisema sawa huku nimeshika mkasi, kwa moyo mkunjufu, nikidhani nimemwokoa baba.

Tangazo lilipotoka, baba alizima redio, akaacha kula. Chakula kinakwenda mezani na kurudi jikoni. Chumvi kwenye chai ikakoma, majina ya marehemu yakakoma, kukabaki kimya tu. Mimi nikasema sasa ndiyo mwisho, akili imekwisha kabisa. Nikaanza kumshonea koti la siku ile haraka haraka, na nakuungamia kwamba nilipokuwa nalikata niliwaza kama ndilo tutakalomzika nalo.

Juzi mchana nilimsimamisha sebuleni nimpime. Koti likiwa limeshikizwa kwa pini tupu mtu hawezi kukaa wala kugeuka, lazima asimame kama mti wa bendera. Mimi nilipiga magoti kurekebisha pindo, pini zote mdomoni. Hapo ndipo alipoanza kusema. Sasa najua aliungojea mdomo wangu ujae, kwa sababu siku nyingine zote ningemkata.

Alisema hajasahau kitu. Akataja majina ya darasa lenu lote, tangu dawati la mbele hadi la nyuma, na nani alikuwa anakaa na nani. Akataja miezi mbele na nyuma. Akasema chai ya chumvi ilimtia kichefuchefu lakini hakuona njia nyingine. Kisha akasema, mwanangu, siwezi kulisoma Shairi Kuu kwa sababu halipo. Halijawahi kuwapo. Kuna beti tu. Kila ubeti alimtungia mtoto aliyesimama mbele yake, kwa jinsi alivyomjua, na hauendi popote zaidi ya hapo.

Kaka, nilikuwa na pini mdomoni na nilitamani kumchoma nazo. Nilifikiri safari ya daktari, sketi ya mke wa mchungaji, machozi yangu niliyoyafutia kwenye vitambaa vya wateja. Nilipozitema nilisema mengi, na mengine sitayaandika maana barua hii inaweza kusomwa na wifi. Nilimwambia mtu mzima ovyo. Hakujitetea, alisimama tu ndani ya koti lake. Nilipochoka, aliniuliza swali moja, kama mwalimu anavyomwuliza mtoto aliyekwisha kupiga kelele. Aliuliza Jumamosi atamwambia nini yule muuguzi, ambaye habari zake zilinitoka nikifoka.

Hofu yote niliyokuwa nayo ikageuka upande mwingine. Hapo kwanza nilihofia shairi litapotea kichwani mwa baba. Sasa nahofia wao. Watakuja na nguo zao nzuri, watasimama mmoja mmoja mbele ya mkoa mzima, na vipande havitashikana. Hata mtoto atasikia kwamba havishikani. Na watu waliojibeba miaka yote wakijua ni pete za mnyororo mmoja, wataambiwa walikuwa wamebeba kipande cha hewa. Na aliyewaitisha ni mimi.

Nikamwuliza kwa nini, basi. Kwa nini usimpe mtoto ubeti wake ukamwambia ni wake, yakaisha? Hapa ndipo alipogeuka, pini zikamchoma ubavuni, asihisi. Akasema ni kwa ajili yako, kaka.

Nakuomba usikunje karatasi hapa. Soma.

Anasema mwaka uliokuwa darasani kwake aliogopa maneno ya watu kuliko alivyomwogopa Mungu. Asije mtu akasema mtoto wa mwalimu amependelewa. Kwa hiyo ulichapwa wa kwanza, ukasifiwa wa mwisho, na ulikatazwa kumwita baba ukishavuka lango la shule. Alidhani akifika nyumbani ataivua hiyo sura aitundike mlangoni, lakini anasema ilimganda. Uliwahi kuniambia kwamba hukuwa na baba, ulikuwa na mwalimu mchana na mwalimu usiku. Nilimwambia maneno hayo. Akatikisa kichwa akasema, amesema kweli.

Siku yenu ya mwisho ilipokaribia, alitaka kukuambia neno moja, la baba kwa mwanawe. Kinywa kikakataa. Kitu pekee alichojua kukifanya na jambo lisilosemeka ni kulipimia mizani, kwa hiyo akakutungia ubeti. Ndio ubeti wa kwanza aliomtungia mtoto yeyote. Lakini atakupaje wewe peke yako mbele ya darasa? Ndipo asubuhi ile, njiani kwenda shule, alipotunga haraka haraka mmoja kwa kila mtoto, wote kwa kina cha wako, ili wako usijulikane, na akazua hadithi ya shairi refu ili pasiwe na atakayeuliza. Alifanya kama mtu anayewagawia peremende watoto wote wa mtaa ili mwanawe apate yake bila maneno. Mwaka uliofuata watoto wakasimama kudai zao. Hakuweza kuwanyima, na uongo ukaota mizizi.

Kwa hiyo wazee wa kabla yenu hawakusahau chochote. Kabla yako hapakuwa na beti. Kila mtu hapa mjini mwenye ubeti aliupata kwa sababu yako, na wewe ndiye pekee uliyekwenda ukiamini kwamba ulipewa kama wengine tu.

Niliinama nikarudi kwenye pindo. Mwisho nikamwambia kwamba mimi ni fundi, na sijawahi kumrudishia mteja vipande. Vipande vikikataa kukutana, mtu anatia kitambaa katikati. Shairi halipo leo, lakini Jumamosi haijafika. Atunge viungo. Mwanafunzi akisema ubeti wake, yeye aingize mmoja wa kumkabidhi kwa anayefuata, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikaona vidole vyake vimeanza kugonga paja juu ya pini.

Tangu wakati huo hapumziki. Anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, ananisemea viungo nivishike, na mimi nashona huku narudia. Anakula akiwa wima. Ana umri wa kulala mchana na halali, na nikimwambia apumzike ananiambia nihesabu mizani. Namwogopea moyo wake. Koti limeanza kumpwaya kabla sijalimaliza. Lakini shairi linatokea, kaka. Fundi baiskeli anamkabidhi muuguzi, muuguzi anamkabidhi dereva, na mtu asiyejua angeapa kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Mwishoni alihitaji ubeti wa kufungia. Aliniita, akainama, akaninong'oneza sikioni, katika umri huu nilio nao, nami nikaurudia mpaka ukakaa. Ni wangu, kwa hiyo naweza kukuandikia:

Sindano haina jina,
nguoni hutaiona,
vipande vingeachana
isingepita, hakika.

Niliingia chooni nikalia. Bora huu kuliko penseli.

Kilichobaki ni mwanzo. Nilimwambia aseme yeye mwenyewe ubeti wako, maana anaukumbuka, au atunge mwingine wa kufungulia. Amekataa yote mawili. Anasema ubeti ukishatolewa ni wa aliyepewa, na kwamba hawezi kuwa mwizi wa mwanawe uzeeni. Na bila huo, anasema, kina chote kilichofuata hakina mama. Nikamwambia kaka aliutupa mtoni. Akaniuliza kama kweli naamini hivyo.

Siamini. Siku ya mazishi ya mama ulisimama peke yako nyuma ya nyumba, ukidhani hakuna anayekuona. Midomo yako ilikuwa inatembea na vidole vinagonga paja. Nilihesabu, kwa kuwa mimi ni mtoto wa baba yangu. Mapigo yalikuwa manane, manane, manane na manane, ubeti mzima.

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini kuna lori nje. Dereva anarudi huku Ijumaa na kiti cha mbele nimekiwekea wewe. Ukitoka mlangoni utauona ule mstari wake mwekundu, ila mwambie safari hii asiufuate sana. Sikuombi umsamehe baba. Hilo ni lako na lake, na mimi kazi yangu ni pindo. Wala usiniandikie ubeti, wala usinisomee kwenye simu. Haya ya baba na Shairi Kuu nimekuambia wewe tu. Yakae kwako, kwa ajili ya muuguzi na wenziwe.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Baba ameamua Jumamosi ataita mahudhurio kama zamani, kila mtu aitike, asimame, aseme wake. Wa kwanza kuitwa ni wewe. Nimemsihi akuruke, aanze na fundi baiskeli, watu hawatajua. Amekataa. Amesema ataita jina lako, lile lote la darasani, na hataita la pili mpaka uitike. Nami namjua baba yetu, nawe unamjua. Ukumbi utajaa, Afisa atakohoa, watu watageuka kutazama mlango, na yeye atabaki amesimama pale mbele, ndani ya koti nililomshonea, anakusubiri.

Salamu nyingi kwa wifi na watoto. Jirani anakusalimu, na fundi baiskeli anasema bado ana kengele yenu. Koti lako la zamani nimelitoa sandukuni nikalipiga pasi. Sijalipunguza wala kulipanua, kwa kuwa sijui sasa uko vipi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Sindano